Daladala au IST: hesabu ya Tegeta hadi Posta

Karibu kila mwezi kuna mtu kazini ananijia na swali hili, na mara nyingi anakuja nalo akiwa na picha ya Toyota IST kwenye simu, chini yake pameandikwa "maongezi yapo". "Dada, ninunue, au niendelee kubanana?"

Nimepanda daladala kati ya Tegeta na Posta, katikati ya Dar es Salaam, kwa miaka tisa. Nikakopa SACCOS, nikanunua gari, nikaendesha kila siku kwa miaka minne. Sasa hivi nafanya yote mawili kwa zamu. Kwa hiyo nitajibu kwa barabara ya Bagamoyo, ambayo naijua kituo kwa kituo. Wewe wa Gongo la Mboto badilisha majina tu, mengi tutafanana. Wa Kimara mna mambo yenu, nitayagusa mbele.

Pesa kwanza, maana ndipo watu wanapojidanganya

Wengi wakilinganisha huchukua nauli wakaiweka pembeni ya bei ya mafuta, basi. Hapo wamepunja pande zote mbili.

Anza na daladala. Nauli mpya za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilipoanza kutumika Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 iliwekwa shilingi 600, mwanafunzi 200, kisha inapanda kulingana na umbali. Mimi hupanda hadi Makumbusho, nabadilisha gari kuingia Posta, na safari nzima hainizidi 1,500. Lakini kwangu si kituoni. Kutoka Tegeta Nyuki hadi getini ni bodaboda, 1,000 mchana, na usiku wa mvua bei hiyo inategemea mwenye pikipiki kaamkaje. Basi ni 2,500 kwenda, 2,500 kurudi. Kwa siku 22 za kazi inakuwa 110,000. Asilimia 40 ya pesa hiyo inaliwa na kilomita mbili za vumbi, wala si na daladala. Anayekaa mita mia mbili kutoka lami ana hesabu tofauti kabisa na yangu, na ndiyo maana ushauri wa jirani wa barabarani usiuchukue mzimamzima.

Sasa gari. Tegeta hadi Mwenge ni kilomita 12.9, Mwenge hadi Posta kama kumi, kwa hiyo kwenda na kurudi weka 46. Ukisoma matangazo, IST inakwenda kilomita 15 na zaidi kwa lita. Kwenye foleni ya Mwenge, AC imewashwa, mimi napata kumi. Bei ya mafuta EWURA, mamlaka ya nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tuchukue 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni 13,800 kwa siku, 303,600 kwa mwezi, na hujatoka hata Jumapili kwenda kanisani au kumsalimia mama.

Halafu vinakuja vile vidogo. Bima ndogo, ile ya kumlipa utakayemgonga, 118,000 kwa mwaka, sawa na kama 10,000 kwa mwezi. Kwa mwendo wa kilomita 1,000 na kitu kwa mwezi, servisi ya kila kilomita 5,000 inakukuta kila baada ya miezi mitano; kwangu oili, filta na fundi ni kama 120,000, yaani 24,000 kwa mwezi. Kuosha gari, weka 20,000. Maegesho mjini, mimi nilikuwa natoa wastani wa 2,000 kwa siku, 44,000. Jumla inagonga laki nne na kidogo, dhidi ya laki moja na kumi ya daladala na boda. Sijaweka bei ya kununulia gari, wala riba ya SACCOS, wala ile siku shokapu zote mbili za mbele zinapokufa wiki ya ada za shule.

Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, tukashangilia. Ila pengo lake lilizibwa kwa kuongeza ushuru kwenye mafuta, kwa hiyo mtu anayeunguza lita nyingi kwenye foleni bado anailipa, tena kwa awamu.

Kwa upande wa pesa, basi, gari la mtu mmoja halina utetezi. Linaanza kujitetea likijaa. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nabeba majirani watatu, kila mmoja akichangia 4,000 kwa siku. Hiyo ni 12,000, mafuta karibu yote yamelipwa, na wao wanaokoa 1,000 wakiwa wamekaa. Tahadhari moja: hao wawe watu mnaofahamiana. Ukianza kuokota abiria kituoni umeingia biashara, LATRA watataka leseni yao, na ile bima ndogo ya gari binafsi haikukusudiwa kazi hiyo.

Muda

Hapa wanunuzi wengi hukata tamaa baada ya mwezi mmoja. Ukitoka Tegeta saa kumi na moja alfajiri, gari lako linakufikisha Posta kwa dakika 35. Daladala nayo, ikishajaa, ni kama dakika 50. Ukitoka saa moja asubuhi, wote mko nyuma ya lori lilelile pale Lugalo. Ujenzi wa awamu ya nne ya mwendokasi, mabasi yenye njia yao peke yake, ulipoanza kwenye barabara hii, nimewahi kutumia saa moja na dakika 50 kufika kazini, na daladala niliyoiona nimeipita Africana niliikuta imeshanitangulia Makumbusho. Dereva wake alipita pembeni, akarudi, akapita tena pembeni.

Faida ya kweli ya gari kwenye muda ni kwamba unaweza kukimbia. Daladala imefungwa na ruti yake. Mimi nikiona mbele hakueleweki, nakata kuingia barabara ya Mwai Kibaki, napita Kawe na Mikocheni, naibukia Daraja la Tanzanite, ambalo tangu 2022 limetuondolea ulazima wa kugombania Daraja la Salender. Siku nyingine inasaidia dakika ishirini. Siku nyingine ramani ya simu imewaambia na wengine wote vilevile, tunakutana huko.

Daladala nayo ina siri yake ya muda: ni wapi unapopandia. Ukiwa Tegeta, mwanzo wa ruti, unapata siti, unachagua hata dirisha. Ukiwa Makonde au Lugalo, katikati ya njia, magari yanapita yamejaa, konda anakuonyesha kiganja cha pole, na dakika 30 zinaondoka umesimama juani. Rafiki yangu wa Makonde anakaa karibu na mjini kuliko mimi kwa kilomita kadhaa na bado nilikuwa namtangulia kufika. Mtu wa katikati ya ruti namwelewa zaidi akininong'oneza habari za gari.

Jioni mambo yanageuka. Posta saa kumi na moja na nusu, magari ya Tegeta yanaingia yakiwa tayari yana watu, kwa sababu wenzako wameyafuata. Hii ndiyo tunaita kugeuza nayo: unapanda gari linaloelekea Kivukoni, kinyume na kwenu, unalipa nauli hadi mwisho, unabaki kwenye siti likigeuza. Unalipa mara mbili na unazunguka robo saa, lakini unakwenda Tegeta umekaa. Asiyegeuza anapitia mlangoni na viwiko, au dirishani kama ana umri wa kuruhusu.

Halafu kuna kukatisha ruti. Gari limeandikwa Tegeta ubavuni, mistari ya rangi ya ruti yake ipo, mkifika Mwenge konda anasema, "Mwisho hapa, wa Tegeta mshuke, gari bovu." Si bovu. Dereva na konda wengi hawana mshahara wa mwezi. Wana hesabu, kiasi ambacho lazima kifike kwa mwenye gari kila jioni, na kinachobaki juu yake ndicho chao. Foleni ikiwa mbaya, kwenda hadi mwisho ni kupoteza safari nzima, bora ageuze na abiria wapya. Ukishaijua hesabu, mambo mengi ya daladala yanaeleweka: kwa nini anakimbia, kwa nini anasimama dakika kumi kituo chenye watu wawili, kwa nini mwanafunzi wa 200 anaachwa amesimama na begi lake. Kuelewa hakupunguzi hasira, lakini unajifunza kumuuliza konda kabla ya kupanda, "Unafika mwisho?" na kumtazama machoni anapojibu.

Mwili na akili

Kwenye daladala mikono yako ni yako. Nilisomea CPA, mitihani ya uhasibu, naweza kusema robo tatu yake, kwenye siti ya pili kutoka nyuma ya Coaster, kitabu kwenye mapaja. Wengine wanalala usingizi wa haki kutoka Tegeta hadi Victoria, na jirani anawaamsha. Kwenye gari, saa hizohizo mbili ni mguu wa kulia kwenye breki, kanyaga, achia, kanyaga, na redio. Nilipohamia kwenye gari nilidhani nitapumzika. Mwezi wa tatu nikaanza kuumwa nyonga, na nikagundua nimekuwa mtu wa kutukana bodaboda peke yangu huku vioo vimepandishwa.

Lakini nisiipambe daladala. Kuna asubuhi ninayoikumbuka: nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, kichwa kimeinama kwa sababu Hiace haikutengenezwa kwa ajili ya kusimama. Pale Mtongani akapanda mama wa samaki ametoka Kunduchi na beseni. Maji ya samaki yakaanza kudondoka, tone baada ya tone, kwenye kiatu changu cha kazini, kile cha ngozi nyeusi. Nikasogeza mguu, hakuna pa kuuweka. Konda kutoka mlangoni: "Dada mwenye mkoba mwekundu, sogea nyuma, kule kuna nafasi ya kulala!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mchana kwenye kikao nilikaa miguu yangu nikiwa nimeificha chini kabisa ya kiti.

Gari nalo lina siku zake. Yangu lilichemsha Tangi Bovu saa kumi na mbili jioni, njia ya katikati, moshi mweupe unatoka mbele kama chungu cha ubwabwa. Nikawasha taa za hatari, nikatoa pembetatu, nikasimama pembeni na viatu mkononi. Nyuma yangu honi zisizo na huruma. Kijana muuza maji ndiye aliyenisaidia kulisukuma, kisha akaniuzia chupa sita za kumwaga kwenye rejeta, kwa bei ya rejareja. Daladala ikiharibika, konda anarudisha nauli baada ya mabishano, unapanda nyingine, tatizo linabaki la mwenye mali. Gari lako likiharibika hauna wa kubishana naye.

Mvua

Dar ikinyesha kweli, hakuna mshindi. Daladala zinapungua, nauli ya boda inaruka, bajaji zinazima. Kwa wa barabara ya Morogoro, bonde la Msimbazi likijaa pale Jangwani barabara inafungwa, na basi la mwendokasi na gari la mkurugenzi vinasubiri pamoja. Mwenye gari ajue jambo moja ambalo wauzaji hawamwambii: bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Maji yakiingia kwenye injini yako, hiyo ni shughuli yako na fundi. Bima kubwa ndiyo inayoweza kugusa hasara yako mwenyewe, kutegemea masharti yake, nayo hulipiwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Mimi mvua ikianza saa tisa alasiri naacha gari ofisini, nachukua daladala mapema. Nimejifunza kwa gharama.

Usiku, watoto, na ukoo

Baada ya saa nne usiku daladala zinaanza kuadimika, na zinazobaki zinasubiri zijae. Kwa mwanamke anayeshuka peke yake, kisha kupanda pikipiki ya mtu asiyemjua, hii si hoja ya starehe. Wenye kazi za zamu, manesi, watu wa hoteli, wa benki wanaofunga hesabu usiku: gari kwenu lina uzito ambao hesabu yangu ya laki nne haiwezi kuufuta. Ila kama usiku wako ni mara mbili tu kwa mwezi, taksi ya kuita kwa simu mara mbili ni rahisi kuliko IST ya siku thelathini.

Mtoto mdogo hivyohivyo. Mwenye watoto wawili, shule huku na kazi kule, asinisikilize sana mimi.

Sasa ukoo. Siku utakayoingiza gari uani, habari zitafika Moshi au Songea kabla injini haijapoa. Kuanzia hapo wewe ni wa kupokea wageni Stendi ya Magufuli alfajiri, wa kupeleka shangazi Muhimbili, wa kubeba sufuria za msiba na viti vya kipaimara. Sisemi ni vibaya. Nyingine nazifanya kwa moyo mmoja, na kuna usiku gari langu lilimwahisha mtu hospitalini. Nasema tu, kwenye hesabu yako weka mstari unaoitwa "ndugu", na usisahau kwamba anayeomba lifti huwa hajui bei ya mafuta.

Na trafiki. Kosa moja ni 30,000. Tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, ikikunasa unazidi 50 kwenye kibao cha 50, hiyo ni mafuta ya siku mbili na zaidi. Ukiwa abiria, dereva akikamatwa unaangalia saa tu.

Jambo dogo: hata uwe na gari, Kariakoo nenda na daladala. Ukipata pa kuegesha huko utakuwa umeegesha mbali kuliko kituo.

Kimara na wenzao

Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Gerezani na Morocco, ilibadilisha swali lenyewe, kwa kuwa basi lina njia yake peke yake. Mwenye gari amekwama Magomeni anaona basi linampita. Siku mabasi yanatosha, hakuna sababu ya muda ya kununua gari upande ule. Siku hayatoshi, ule msongamano kwenye mageti unafanya Hiace yetu ionekane ukumbi wa harusi. Ndiyo maana nasema mtu wa Kimara aangalie kwanza hali ya mabasi ya wakati huo, asiangalie ramani. Na sisi wa barabara ya Bagamoyo, njia yetu ya mwendokasi ikikamilika na mabasi yakaja ya kutosha, nitaifuta sehemu yangu ya muda niiandike upya.

Ningekushauri nini

Usinunue kwa sababu ya kubanana kwa wiki moja mbaya. Chukua daftari, wiki mbili tu, andika saa unayotoka, ulisimama au ulikaa, boda ilikula kiasi gani, umefika saa ngapi. Kama zaidi ya nusu ya siku ulisubiri kituoni zaidi ya nusu saa, uko katikati ya ruti, na ofisini kuna maegesho ya bure, na una angalau jirani wawili wa kuchangia, nunua. Kama uko mwanzo wa ruti kama mimi, unaweza kuamka mapema, na kazini utalipia kila saa ya kuegesha, hiyo pesa ina kazi nyingine. Na kama unanunua ili uonekane umefika, nunua pia, ila usiniletee hesabu za mafuta mwezi wa pili.

Kama tayari unalo, jaribu zamu. Mimi Jumatatu na Ijumaa gari linalala nyumbani, maana ndizo siku foleni inakuwa na roho mbaya. Jumanne hadi Alhamisi natoka nalo saa kumi na moja na robo, majirani wawili ndani, mmoja alihamia Goba. Mafuta yamepungua kwa siku mbili kila wiki. Jumatatu zile nimerudi kusoma kwenye siti ya pili kutoka nyuma, na konda mmoja wa ruti yetu bado ananiita dada wa mkoba mwekundu, ingawa mkoba wenyewe ulishachanika.